Hodi kwa Seva Iliyozimwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vibaya. Nimefika kazini na suti mpya ya kijivu, maana anayetaka kuwa Mkuu wa Mifumo lazima aonekane mkuu kabla hajawa mkuu. Mkurugenzi amesema atachagua mwisho wa wiki ijayo. Ni mimi au Tai. Si yule ndege. Ni kijana wa meza ya pembeni, anayevaa tai hata jua likipasua mawe, fundo dogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Amekuja juzi. Mimi nimezeekea hapa. Mimi ndiye niliyeirithi seva ya Linux, kompyuta mama ya ofisi nzima, kutoka kwa marehemu Mzee Nyaya, aliyeijenga kwa mikono yake. Haki iko wapi?

Basi. Kabla sijavua koti, kelele kaunta. Kompyuta zote zinaandika maneno yaleyale: muunganisho na hifadhidata umekataliwa.

Hilo si jambo dogo kwetu. Sisi ni Ofisi ya Vitu Vilivyopotea. Kila kinachosahauliwa kwenye mabasi na treni huishia hapa: miavuli, mabegi, meno ya bandia, magongo, wanasesere, hata jeneza tupu mara moja. Stoo tatu, rafu mpaka dari. Kipi kiko wapi, hifadhidata ndiyo ijuayo. Bila hiyo, ni kumtafuta kiroboto kwenye blanketi. Na sheria ni kwamba bila namba ya mfumo, hata kijiko hakitoki.

Nikamwambia Mkurugenzi anipe dakika kumi. Huwa nasema hivyo. Nyuma ya mgongo wananiita Bwana Dakika Kumi. Wanadhani sijui.

Nikajifungia chumba cha seva. Hakina dirisha. Nikaiuliza seva yenyewe: hifadhidata iko hai? Iko hai. Nikafungua orodha ya vitu. Yote ipo, inafunguka kama kitabu. Nikaenda kaunta: umekataliwa. Nikaizima, nikaiwasha upya. Umekataliwa. Mara ya pili, umekataliwa. Saa ya chakula cha mchana, watu wote wametoka, nikaiwasha mara ya tatu. Ikakubali!

Nikamngoja Mkurugenzi mlangoni, jasho sijalifuta makusudi. Nikamwambia ilikuwa kazi nzito ya kitaalamu. Akanishika bega.

Watu waliporudi kutoka kula, ikakataa tena. Nimeondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Umekataliwa, tangu asubuhi.

Nimeukagua ukuta wa ulinzi wa seva, uko wazi panapotakiwa. Nimekagua nywila, ni sahihi. Nafasi kwenye diski, tele. Kisha nikasoma kumbukumbu za seva. Kila anayebisha mlango wa hifadhidata huandikwa humo, aliyefunguliwa na aliyefukuzwa. Asubuhi nzima hakuna aliyebisha. Hata mmoja.

Kaunta wanasema, tumebisha, tumekataliwa. Seva inasema, sijamwona mtu.

Basi nani aliyewakatalia?

Nililiandika swali hilo kwenye kiganja ili nilifikirie. Baadaye nikalifuta kwa mate. Halikunipendeza kulibeba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamshuku Tai. Alipokwenda chooni nikauchomoa waya wa kompyuta yake na kuusukuma nyuma ya kabati. Hakuna kilichobadilika. Tai aliporudi akauliza kwa adabu kubwa kama kuna mtu aliyeona panya. Simpendi kijana mwenye adabu kubwa.

Kwenye benchi la kaunta kuna mzee amekaa tangu jana. Suruali yake upande mmoja imekunjwa na kufungwa kwa pini. Aliuvua mguu wake wa bandia kwenye treni kwa sababu ulikuwa unamchubua, akausukuma juu ya mizigo, akalala, akashtuka kituoni na kuteremka mbio na magongo. Nikamwambia, shikamoo mzee, dakika kumi. Akasema hana shaka, mguu wake umo humu ndani, anajua, maana tangu jana kidole gumba kinamwasha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta, upande wa stoo ya tatu.

Mkurugenzi akanitaka sababu. Sikuwa nayo. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapita kwa Katibu Muhtasi, ambaye ukimpa siri ni sawa na kuipandisha kwenye kipaza sauti, nikamnong'oneza: ni Mzee Nyaya. Marehemu hapendi mpango wa Tai wa kuhamishia kila kitu kwenye seva za kukodi. Amefunga mlango. Na aliyeachiwa kazi na marehemu ni mmoja tu.

Jioni mfagiaji amekataa kufagia korido ya seva. Mpango unakwenda vizuri!

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni bingwa.

Asubuhi nilitangaza kwamba nakwenda kuzungumza na marehemu. Nikaingia chumba cha seva, nikafunga mlango, nikala pakiti nzima ya biskuti. Nikatoka nikijifuta paji la uso. Na mfumo ukafanya kazi! Mimi mwenyewe nusura nianguke. Umefanya kazi asubuhi, mchana, jioni. Foleni yote imekwisha, isipokuwa Mzee wa Mguu. Mguu wake bado uko kwenye magunia ya wiki hii. Anayefungua magunia na kuandikisha ni Mama Stoo, na leo hayupo, kampeleka mjukuu kliniki.

Pole yake, amekosa ushujaa wangu. Mama Stoo anatunza stoo zote tatu peke yake. Huvikunja vitu vya watu kama vya wanawe. Nimewahi kumsikia akimwambia mwanasesere avumilie, mwenyewe atakuja.

Leo watu wamenisalimia kwa mikono miwili. Katibu Muhtasi ameniomba nimuulize marehemu ilipo hereni yake. Nikamwambia tusimchoshe. Tai amekuja kuniuliza ni mpangilio gani hasa nilioubadilisha. Nikamjibu, dogo, mambo mengine hayamo vitabuni. Akalegeza tai. Mara ya kwanza tangu aajiriwe!

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akauliza kama cheo hicho kina nyongeza ya mshahara, au ni cha kutembelea makaburini tu. Wanawake hawaelewi siasa za ofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha taa zote. Nitaandika polepole.

Umekataliwa, tangu ofisi ifunguliwe. Mkurugenzi akaniita mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: kazungumze naye tena. Nikaona nusu ya kaunta wanaamini na nusu nyingine wanataka kunicheka. Tai hakuwa upande wowote. Alikuwa anafikiri. Hilo ndilo baya zaidi.

Mvua ilikuwa inanyesha, taa zinafifia na kurudi. Nikaingia na kompyuta yangu ya mkononi, nikaiunganisha kwenye swichi ambamo nyaya zote za ofisi hukutana. Nikaandika ile amri ya ping, ambayo kazi yake ni kupiga hodi tu. Unaita anwani: upo? Mashine inajibu: nipo. Unaita tena, inajibu tena.

Nikaita anwani ya seva. Nipo. Nipo. Nipo.

Nikaona nifanye mchezo. Nitauchomoa waya wa seva, kompyuta za kaunta zitazidi kulia, nitatoka na kusema marehemu amekasirika, nipewe wiki moja. Nikauchomoa. Waya ukaning'inia mkononi mwangu. Nikatazama kioo.

Nipo. Nipo. Nipo.

Nikadhani nimechomoa waya wa kitu kingine. Nikaufuata kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni wenyewe. Nikaizima seva kabisa. Feni zikapunguza mwendo, zikapunguza, zikasimama. Sijawahi kusikia kimya katika chumba kile. Miaka yote hii, mngurumo wake nilikuwa nauona ni sehemu ya ukuta.

Kwenye kioo: nipo.

Nikasema kwa sauti, sijui kwa nini, "Mzee?"

Nyuma ya ukuta, upande wa stoo, simu ikaita. Mlio wa zamani, wa kengele. Ukaita, ukakatika. Kisha simu nyingine, mbali kidogo, mlio wa ndege. Ikakatika nayo.

Nilitoka bila kiatu kimoja. Nikagongana na Mzee wa Mguu, aliyekuwa anatoka msalani. Tukaanguka wote. Akanishika kola akiwa chini vilevile, macho yamemtoka, akauliza: "Umeuona?"

Watu wakadhani nimemkimbilia kumsaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na homa. Homa ya kweli au ya kujitakia, kipimajoto hakikusema. Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Mke wangu akaja na chai, akasikiliza yote. Akasema wafu hawajawahi kumkatia mtu mshahara, wanaokata ni walio hai, kwa hiyo niinuke. Nikamwambia hakuisikia ile simu. Akasema ameisikia, inaita hapa mezani, ni Mkurugenzi.

Njiani nikapata wazo. Nyumba ikiwa na mashetani, watu hufanya nini? Huhama! Nikaingia ofisini, nikamwomba Mfagiaji asimame mlangoni mwa chumba cha seva huku akiimba chochote, nikaiwasha seva na kuipa anwani mpya kabisa. Ile ya zamani nikaiacha, kama mtu anavyoacha nyumba na deni la umeme. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziambia kompyuta za kaunta kwamba tumehama. Tai alikuwa ameshaanza kuzibadilisha bila kuuliza. Tulikutana kwenye kompyuta ya mwisho. Akanisogezea kibodi. Nikaandika namba.

Ikakubali! Ikaendelea kukubali!

Mama Stoo akafungua magunia. Mguu ukaandikishwa, ukapewa namba, ukaletwa umefungwa kwenye gazeti, kiatu na soksi juu yake. Mzee akauvaa palepale kwenye benchi. Akainama, akavua kiatu, akakikuna kidole gumba cha plastiki kwa ukucha, taratibu, macho kafumba. Akashusha pumzi iliyotoka mbali sana. Kaunta nzima ikacheka. Mimi nilishindwa, maana ile pumzi haikuwa ya mzaha.

Mkurugenzi amesema jina langu liko juu. Nimenunua tai.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku. Mfumo unakwenda kama maji. Ningekwenda zangu nyumbani nikanyoosha miguu, cheo mkononi.

Lakini kitu kikawa kinanitafuna. Tumehama, sawa. Kule tulikohama amebaki nani?

Nikapiga hodi kwenye anwani ya zamani. Nipo.

Jua la saa nne lilikuwa limejaa dirishani, watu wanapita nje na mizigo yao, na nywele zikanisimama. Nikaiandika anwani ile kwenye kivinjari, kama unavyousukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukurasa mweusi ukafunguka. Ukataka jina na nywila. Nikaweka nywila rahisi kuliko zote duniani, ile ninayoitumia mimi. Ikapita.

Kikatokea chumba. Rangi ya kijivu, kama unakiona kupitia moshi. Meza, viti viwili, kikombe, mlango uliofungwa. Kila kitu kimeonwa kutoka juu, kutoka pembeni mwa dari. Kwenye kiti kimoja amekaa mzee wa fulana nyeupe, mikono mezani. Hatikisiki. Nikadhani ni picha tu ya kawaida.

Kisha akainua kichwa akanitazama.

Mimi! Machoni kabisa! Midomo ikacheza, hakuna sauti. Akangoja, kama mtu aliyeuliza neno. Mwishowe akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyekwisha kujibiwa. Akarudi kuitazama meza.

Upara ulikuwa wa Mzee Nyaya. Mabega ya Mzee Nyaya. Au woga una macho yake wenyewe.

Nimwite nani? Mke wangu angecheka. Katibu Muhtasi angetangaza. Nikampigia Tai. Naandika kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimpigia Tai.

Akatoka kaunta akaja. Jumamosi havai tai. Shingo yake nyembamba kama ya mwanafunzi. Akatazama mpaka mahali ambapo mzee huinua kichwa. Akarudi hatua moja nyuma. Nilimwona! Kisha akaisogelea kompyuta, akanionyesha namba ndogo kwenye kona. Tarehe ya mwaka jana. Akasema, kaka, huyu si mzimu, hii ni rekodi, ukifungua ukurasa inajicheza yenyewe. Sisi tunaona kilichokwisha pita. Nikamwambia nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nampima.

Akasema kama inaitika, basi imechomekwa kwenye swichi yetu, tuufuate waya. Tukauona: nyaya zote za ofisi ni za bluu, mmoja ni wa njano. Hakuna mtu hapa aliyewahi kununua waya wa njano. Unapanda darini, unaambaa na korido, unaingia tundu lililo juu ya mlango wa stoo ya tatu.

Sijaingia stoo ile miaka mingi. Makoti yamening'inizwa kwenye bomba refu, bega kwa bega, kama watu wanaopanga foleni na hawana nyuso. Viti vya magurudumu vimegeuziwa ukuta. Wanasesere wamekalishwa kwenye rafu kwa kufuata urefu. Tukayapasua makoti kati, nayo yakatugusa mashavuni. Upande wa pili, giza, na humo gizani vitaa vidogo visivyohesabika, vyekundu na kijani, vinawaka na kufifia kama vinapumua. Na katikati yao kitu kikageuka kikasema:

"Mmekuja kuchukua au kuleta?"

Tulipiga kelele wote wawili. Ya Tai ilikuwa ndefu zaidi, hilo nitalithibitisha popote.

Alikuwa Mama Stoo, kakaa kwenye kigoda, anafuta miwani ya mtu. Vile vitaa ni simu. Simu zote zilizopotea, kila moja na waya wake, anazichaji. Tukamuuliza kwa nini. Akatushangaa. Akasema mwenyewe akiipigia simu yake, na imekufa chaji, nani atamwitikia? Akija asubuhi huzichomeka. Akienda kula na akienda nyumbani huchomoa zote, anaogopa moto.

Katika rafu ya chini, kati ya redio na pasi, palikuwa na kisanduku cheusi cha kurekodia picha za kamera. Kililetwa na gunia la Jumatatu. Mama Stoo alisema kilikuwa na midomo miwili, mmoja wa umeme na mwingine wa waya. Akaulisha wa kwanza, jicho lake, kile kitaa cha mbele, likabaki jekundu. Akamwomba mlinzi ampitishie darini waya wa njano uliokuja na kisanduku chenyewe, mpaka zinakokutana nyaya za ofisi, akaulisha wa pili. Jicho likawa kijani. Akajua kimeshiba.

Tai akaegemea rafu, akacheka mpaka akakaa chini. Akaeleza: huko kilikotoka kilipewa anwani, na anwani hiyo kwa bahati mbaya ni ileile ya seva yetu. Ni kama watu wawili wenye jina moja kwenye foleni moja. Kaunta zikiita, kisanduku kinawahi kuitika, na kwa kuwa hakina hifadhidata, kinawakatalia. Seva yetu haisikii hata hodi.

Nikacheka nami, kuliko ilivyohitajika. Saa ya chakula, Jumatano ya kliniki, vyote vikajipanga kichwani. Na ujuzi wangu wote ukawa biskuti.

Mama Stoo hakucheka. Aliuliza huyo mzee wa kwenye picha ni wa nani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi kwa Mkurugenzi kabla ya Tai. Nimemwambia uchunguzi wangu wa kina umezaa matunda. Akauliza kuhusu Mzee Nyaya. Nikasema ule ulikuwa mkakati wa kutuliza wafanyakazi. Akaniangalia kama mtu anayesoma bei na kurudisha kitu rafuni.

Katibu Muhtasi amenuna. Anasema mzimu ulikuwa na maana zaidi.

Chini ya kisanduku kuna kibandiko cha fundi aliyekifunga. Tai akampigia. Fundi akamkumbuka mteja, dereva wa malori ya masafa marefu. Namba ikapatikana. Dereva hakupokea mpaka jioni, na alipoambiwa kisanduku chake kimeonekana, aliuliza mara mbili kama ni chenyewe, kisha akasema atakuja kesho.

Mama Stoo ameacha kukilisha kisanduku kwa mdomo wa pili. Jicho limerudi jekundu. Amelifunika kwa skafu. Anasema haifai kumwacha mtu akitazama hivyo bila wa kumtazama.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja. Mwanaume mrefu, macho mekundu ya barabara. Mama Stoo akakiweka kisanduku kaunta. Dereva hakukigusa.

"Sikukipoteza," akasema. "Nilikiacha."

"Hapa hatupokei vilivyoachwa, mwanangu," Mama Stoo akamjibu. "Vilivyopotea tu. Hebu kaa."

Akakaa kwenye benchi. Akasema baba yake aliishi peke yake, hakutaka kuhamia kwa mtu. Akamfungia kamera jikoni ili awe anamwona kwenye simu akiwa safarini. Kila jioni mzee aliitazama kamera na kusema neno. Kamera ile haichukui sauti. Yeye aliona midomo tu, kwenye kioo kidogo kama kiganja, ndani ya lori, mwanga wa magari unampiga usoni. Alikuwa amepanga kwenda kumuuliza huwa anasema nini. Safari hii hapana, ijayo. Ijayo ikawa ya kumzika. Akakichomoa kisanduku kule jikoni, akapanda nacho basi. Hakuweza kukitupa, na hakuweza kuingia nacho nyumbani. Akakisukuma chini ya kiti, akateremka.

Tai akauliza, kwa ile adabu yake kubwa, kama angependa kuona kwenye kioo kikubwa. Jamaa akainuka kwenye benchi. Tai akaunganisha.

Jikoni pale. Meza, viti viwili, kikombe. Mzee akainua kichwa, midomo ikacheza. Dereva akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Ananiuliza kama nimekula," akasema.

Ikarudiwa tena, sijui aliyebonyeza nani. Mzee akainua kichwa, akauliza, akangoja.

"Nimekula, baba," dereva akasema.

Na mzee akaitikia kwa kichwa. Polepole. Akarudi kuitazama meza.

Najua ni rekodi. Najua alikuwa anaitikia vile siku ileile aliyorekodiwa, peke yake, jikoni. Tai anajua zaidi yangu. Lakini niliona Tai ameshika ukingo wa kaunta. Mimi nilitoka koridoni nikasimama mbele ya tangazo la kizimamoto, nikalisoma lote, na jina la kiwanda.

Alikichukua. Mama Stoo alimtafutia mfuko imara, akaukunja ule waya wa njano vizuri, akautia juu.

Ijumaa, 14 Machi

Cheo kapewa Tai! Tai! Mkurugenzi amenisifia uzoefu wangu mbele ya wote, na uzoefu ukisifiwa hadharani ujue umekwisha kuzikwa. Mimi ni msaidizi wake. Kazi yangu ya kwanza ni kwenda stoo na kuorodhesha kila soketi ya Mama Stoo.

Mke wangu ameuliza nimejifunza nini katika wiki mbili hizi. Nikamwambia: mengi sana.

Kwa mfano. Nimejifunza kwamba mashine mbili zikipewa anwani moja, hakuna anayejua nani anamkatalia nani. Printa ya korido ina anwani. Kompyuta mpya ya Tai ina anwani. Asubuhi ya Jumatatu anamwonyesha Mkurugenzi mpango wake wa mwaka. Itoshe kusema printa itahama. Atahangaika, atakagua nywila, atakagua ukuta wa ulinzi, jasho litaharibu lile fundo. Nami nitapita kwa bahati, mkono mfukoni, niulize kuna tatizo gani. Safari hii mpango wangu hautashindwa, maana safari hii nimefikiri.

Nimekaa sebuleni nachora ramani ya nyaya. Mama anapiga simu kutoka kijijini, hii ni mara ya tatu tangu nilipokaa. Huwa hana jambo. Atauliza watoto hawajambo, atauliza kazi, atauliza lile neno analouliza siku zote. Mke wangu kapita na kusema pokea. Nimemwambia nitampigia mwenyewe mambo yakitulia, nisikatizwe fikra. Nimeiondolea simu mlio, nimeigeuza kifudifudi.

Inatetemeka juu ya meza. Inatambaa yenyewe, kidogo kidogo, hadi ukingoni. Nimeirudisha katikati. Nimeendelea kuchora.